Kabla ya kuuza shamba ili mtoto akasomee udaktari wa meno

Majuzi mama mmoja alinijia kliniki ilhali hakuwa mgonjwa. Bintiye alihitimu shahada ya sayansi katika biokemia miaka miwili iliyopita, na sasa anataka kuwa daktari wa meno. Ameomba nafasi mara mbili na kukosa mara zote. Mama alitaka ushauri: je, auze kipande cha shamba ili binti asome shahada ya uzamili, ombi lake lipate uzito?

Nilimwambia asiuze, angalau si kwa sababu hiyo.

Vijana wetu hudhani kwamba cheti juu ya cheti ndicho kitakachowafungulia mlango. Hapa Kenya, kozi ya udaktari wa meno huanza moja kwa moja baada ya kidato cha nne, na alama za KCSE za baiolojia, kemia, na fizikia au hisabati humfuata mwombaji hata akiwa na digrii. Basi, kwanza aende chuoni aulize kama digrii yake itahesabiwa au la, na jibu apewe kwa maandishi. Ikiwa tatizo ni kemia ya KCSE, anaweza kuurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Najua aliyekwisha kuvaa joho ataona haya kuketi na watoto. Haya hiyo ni nafuu kuliko shamba.

Huko Marekani mambo ni tofauti. Kwa kawaida mtu husoma digrii kwanza, akafanya mtihani uitwao DAT, ndipo akaingia shule ya meno. Ushauri wa huko usichukuliwe mzima mzima.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza zaidi. Nilimwuliza mama kama binti amewahi kusimama kando ya daktari wa meno akiwa kazini. Hajawahi! Sasa ataeleza nini akiulizwa kwa nini anaitaka kazi hii? Akae kliniki miezi kadhaa. Aone jipu la jino, aone mtoto anayepiga mayowe, aone jinsi vifaa vinavyosafishwa na kutakaswa kwa mvuke, aone mgongo wa daktari saa kumi jioni. Wengine huona hayo wakaghairi, nao huwa wameokoa miaka mitano ya masomo na mmoja wa mafunzo kazini.

Tena ana biokemia, aitumie! Sehemu za Nakuru na Naivasha maji ya visima yana floridi nyingi, na meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Mhitimu aliyepima maji ya kijiji kimoja na kuwaeleza wazazi maana yake ana jambo la kusema mbele ya wanaochagua wanafunzi. Mwenye vyeti vitano vya semina hana.

Karo ya digrii ya pili, kwa kawaida, hulipwa na mwenyewe. Asiyeimudu aitazame stashahada ya afya ya kinywa katika chuo cha KMTC. Ni kazi ya heshima, na vijijini inahitajika mno.

Daktari wa meno ninayepakana naye amekubali kumpokea binti huyo kuanzia Jumatatu, asubuhi tu, kwa miezi mitatu.