Kuziba maungio ya ubao wa povu

Mwaka juzi tulijenga pango la Noeli kwa ubao wa povu, ule mwepesi wenye karatasi pande mbili na povu jeupe katikati, ambalo wengi hapa kwetu huliita frigoliti. Kuta zilisimama, paa likakaa. Lakini jioni, tulipotia taa ndani, tuliona haya: mwanga ulitoka katika kila pembe kama katika ua wa matete. Kwa haraka tukatwaa rangi ya kupuliza ya kopo, tukidhani itafunika nyufa. Punde si punde povu likaanza kulika, na ufa uliokuwa mwembamba kama wembe ukawa wa kuingiza kidole.

Sababu twaijua sasa. Povu hilo mara nyingi ni polistireni, na dawa iliyomo katika rangi kama ile huliyeyusha. Petroli na asetoni hufanya vivyo hivyo. Karatasi huukinga uso wa ubao, lakini palipokatwa povu li wazi. Nako kwenye ukingo ndiko tunakotaka kuziba!

Basi yafaa kuanza na ukataji. Ubao mwingi una unene wa milimita 5. Pimeni upana huo huo ukingoni mwa ukuta mmoja, kateni karatasi ya ndani pamoja na povu, mkaiache nzima karatasi ya nje. Ondoeni povu polepole. Ukuta wa pili utaingia katika nafasi hiyo, na karatasi iliyobaki itafunika ukingo wake. Wembe uwe mkali, kwani ulio butu hurarua povu.

Gundi iwe nyeupe, ile ya maji ya maseremala. Shikizeni kona kwa pini, mkaiache mpaka asubuhi. Gundi ya moto hushika upesi, lakini ikizidi joto huyeyusha povu, tena huacha vinundu.

Nyufa zilizosalia huzibwa kwa unga wa chaki uliokorogwa na gundi hiyo hata uwe mzito kama maziwa ya mgando. (Wanafunzi, tumesema vipande vilivyovunjika, si chaki mpya za mwalimu.) Pakeni kidogo, ngojeni kukauke, pakeni tena, tabaka nene hupasuka. Kisha laineni kwa msasa mwembamba, mbandike juu utepe wa karatasi uliochanwa kwa mkono, maana ukingo uliochanwa hauonekani sana chini ya rangi. Msiloweshe mno, ubao utajikunja.

Kabla ya kupaka rangi ya maji, tieni ndani taa ndogo ya betri gizani. Mshumaa la, kwa kuwa povu hilo huwaka upesi na kutoa moshi mzito mweusi. Palipopenya mwanga, tieni alama kwa kalamu ya risasi, mzibe tena. Pango letu la mwaka jana lingali na ufa mmoja upande wa nyuma, tuliouacha kwa uvivu.