TAHARIRI: Jiwe la Mizani Likibadilishwa

Muuza mchele akibadilisha jiwe la mizani baada ya mnunuzi kufika, bila ya kumwambia, hakuna atakayeuliza kwanza kama jiwe jipya ni bora kuliko la zamani. Nabii Shuaib (a.s.) aliwaonya watu wa Madyan kwa kupunja vipimo, nasi tumezoea kuisoma habari hiyo kana kwamba inawahusu wenye maduka peke yao. Alama za mtihani nazo ni kipimo, na kinachopimwa ni miaka ya ujana wa mtu.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyo mlango wa kidato cha tano na wa vyuo vingi, yalitangazwa nchini Tanzania Februari 2013. Zaidi ya watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Wapo waliowalaumu walimu, na wapo waliowalaumu vijana wenyewe. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, na mwezi Mei Serikali ikalieleza Bunge kwamba matokeo yale yanafutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka 2011, kwani Baraza la Mitihani lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa kupanga madaraja. Yalipotoka tena, waliofaulu walifikia takriban asilimia 43. Ndugu msomaji na atafakari: baina ya Februari na Mei hakuna mtahiniwa aliyeongeza hata neno moja katika karatasi yake. (Hatusemi kwamba shule zetu zilikuwa nzuri, hata kwa jiwe la zamani, zaidi ya nusu walianguka.)

Uingereza yalitokea ya kinyume. Mwaka 2020 mitihani ya A-level, inayofungua milango ya vyuo vikuu, haikufanyika kwa sababu ya maradhi ya korona. Walimu wakakadiria madaraja ya wanafunzi wao, kisha Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani huko England, ikayasawazisha kwa hesabu ya kompyuta iliyotazama matokeo ya kila shule katika miaka iliyopita. Tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 39 ya madaraja ya walimu yalikuwa yameshushwa. Madarasa yenye wanafunzi wachache mno hayakuguswa na hesabu hiyo, na madarasa ya namna hiyo hupatikana zaidi katika shule za kulipia. Baada ya siku nne tu hesabu ikaachwa, yakarudishwa makadirio ya walimu.

Kwa hiyo huku palilalamikiwa kukosekana kwa usawazishaji, na kule palilalamikiwa kuwapo kwake. Kusawazisha alama peke yake si dhuluma, kwani mtihani wa mwaka mmoja huweza kuwa mgumu kuliko wa mwaka mwingine, na asiyelizingatia hilo huwadhulumu waliokutana na mgumu. Lakini kwa maoni yetu kosa la England lilikuwa zito zaidi. Kijana wa Tanzania alipimwa kwa jiwe geni, ila kilichowekwa katika kitanga cha mizani kilikuwa kazi yake mwenyewe. Yule wa England aliwekewa katika kitanga kaka zake na jirani zake waliosoma shule ile kabla yake. Wanaosema kwamba namba hazina upendeleo wangeuliza kwanza ni nani aliyezichagua.

Wazazi waliomo katika jamaa zetu wanayo haki ya kudai kwamba mipaka ya madaraja na njia ya kuifikia itangazwe kabla mtoto hajaketi mtihani, tena kwa lugha ambayo mzazi wa kijijini ataielewa. Leo mtahiniwa asiyeridhika hukata rufaa ili karatasi yake ipitiwe upya, naye huilipia. Anayetaka kujua ni nani aliyeuchora mpaka baina ya kufaulu na kushindwa, na aliuchora lini, hajui abishe hodi mlango upi.