Mgeni Mpe Jembe, Usimpe Sindano



Leo naomba nilete jambo ambalo huku tunalizungumza pembeni tu, kwenye misiba na kwenye sherehe za kipaimara, lakini hadharani tunalikwepa tusije tukaonekana hatuna shukrani. Nazungumzia vijana wa Kimarekani wanaokwenda kukaa vijijini kwetu "kujitolea". Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubishana ajue anabishana na nini: kazi ambayo kijana haruhusiwi kuifanya Louisville, asiruhusiwe kuifanya kijijini kwetu. Sisemi wasije. Sisemi wana roho mbaya. Nasema kipimo kiwe kimoja.

Nianze na kipimo cha huku, maana nimepimwa nacho. Mimi ni nesi, nina shahada ya uuguzi niliyoisomea nyumbani, na nilishafanya kazi wodini kabla ya kupanda ndege. Nilipofika Kentucky, ile shahada haikuniruhusu kumpa mgonjwa hata Panadol. Vyeti vikatumwa kukaguliwa, nikafanya mtihani wa Kiingereza, nikasubiri, nikafanya mtihani wa NCLEX, ndipo Bodi ya Uuguzi ya Kentucky ikanipa leseni. Wakati nasubiri nilibeba boksi kama wengine, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hata huko, ili uhesabike kuwa mhudumu wa kuogesha wazee na kuwabadilisha nepi, sheria ya shirikisho inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na mtihani juu yake. Wapo wenzetu wanaosema huo ni ubaguzi. Mimi silalamiki. Yule mzee ni baba wa mtu, ana haki ya kujua kwamba anayemshika amefundishwa.

Swali langu ni hili: yule mama anayejifungua kwenye zahanati ya kijijini kwetu, yeye si mtoto wa mtu?

Nauliza kwa sababu mwaka jana binti wa mfanyakazi mwenzangu, miaka 19, mwaka wa kwanza wa chuo, alikwenda Tanzania wiki tatu. Aliporudi mama yake alileta picha kazini. Kwenye mojawapo binti ameshika kichanga, kitovu hakijakatwa, na nyuma yake mzazi amelala kitandani bila nguo ya kumsitiri, sura inaonekana kabisa. "Amezalisha watoto wawili!" Watu wakapiga makofi. Nikauliza kama angeruhusiwa kufanya hivyo kwenye wodi yetu hapa. Meza nzima kimya. Na hilo la picha nalo ni kesi yake. Tangu sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, mimi nikimpiga mgonjwa wa Louisville picha ya namna ile na kuizungusha, kazi sina, na leseni iko mashakani. Yule dada wa Kitanzania hakuulizwa. Mtu aliye katikati ya uchungu, anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua, atakataaje?

Tuitazame basi siku nzima ya kijana wa namna hiyo akiwa kijijini, kwa sababu picha wanazorudi nazo hazionyeshi nani anaigharamia. Mama yangu mdogo anaishi Moshi Vijijini na amewapokea wageni hawa zaidi ya mara moja. Saa kumi na moja alfajiri anaamka kukoka moto, amchemshie mgeni maji ya kuoga na ya kunywa. Chumba anacholala mgeni ni cha wanawe, wao wamehamia jikoni. Mezani kuna mayai, mkate na Blue Band. Wenyeji wanakunywa uji. Saa tatu mgeni anatembea hadi zahanati. Huko nesi ni mmoja na foleni ya kliniki ya watoto imefika nje, na huyo nesi mmoja sasa ameongezewa kazi: kumtafsiria mgeni, kumtafutia glovu kwenye boksi lililobaki la wajawazito, na kumwachia apime presha na kuchoma sindano "apate uzoefu". Saa nane mchana anarudi, anaimba Kiingereza na watoto. Jioni anabeba ndoo moja ya maji, anapigwa picha nayo. Wiki ya tatu analia, watoto wanalia, anaondoka. Mwezi unaofuata anakuja mwingine, na nesi anaanza upya.

Mama mdogo anawapenda, na mimi simlaumu. Anasema wengi ni watoto wazuri, wana heshima, mmoja alijua kumenya ndizi na kusalimia Kichaga kuliko wajukuu zake walioko Dar. Mgeni kumenya ndizi ni jambo la heri. Balaa liko kule zahanati asubuhi.

Watakaosema nakuza mambo, waende Jinja, Uganda. Huko ndiko tulikoona mwisho wa njia hii inayoanza na kijana mwenye moyo mzuri. Renee Bach wa Virginia alikwenda Uganda mara ya kwanza akiwa na miaka 18. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 20, akaanzisha shirika la Serving His Children, ambalo lilikuja kulaza watoto wenye utapiamlo mkali. Hakuwa daktari wala nesi. Kwa hesabu ya shirika lenyewe, kati ya mwaka 2010 na 2015 walipokelewa watoto 940 na 105 walifariki. Mwaka 2015 wakuu wa afya wa wilaya wakakifunga kituo. Januari 2019 akina mama wawili wakafungua kesi Mahakama Kuu ya Jinja, na Julai 2020 ikaisha kwa makubaliano: kila mama alipwe shilingi milioni 35 za Uganda, bila mshtakiwa kukiri kosa lolote.

Watetezi wake walisema watoto wale walifika wakiwa mahututi, wengine wangekufa hata hospitali kubwa. Mimi nesi najua kwamba mtoto wa utapiamlo mkali anaweza kufa mikononi mwa bingwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutomwachia asiyesoma! Mtoto wa namna ile ukimpa maji mengi haraka, moyo unashindwa. Ukimlisha haraka, chumvi za damu zinavurugika. Ni mgonjwa mgumu kuliko wengi ninaowahudumia hapa. Nani Kentucky angekubali msichana wa miaka 20 asiye na cheti afungue wodi ya watoto mahututi, hata kama anaomba Mungu usiku na mchana?

Na si hospitali tu. Gregory Dow wa Pennsylvania alifungua nyumba ya watoto Bomet, Kenya, mwaka 2008. Mwaka 1996 alikuwa amekiri huko Marekani kosa la kushambulia kwa nia ya kumdhalilisha mtu kingono. Huku mtu mwenye rekodi hiyo hapewi hata kazi ya kuwavusha watoto barabara. Kwetu alikabidhiwa wasichana. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani, nasema ya Marekani, ndiyo iliyomfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwanajisi. Kenya ilikuwa imesimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto tangu Novemba 2017. Ilikuwa hatua nzuri, ila kwa wasichana wale ilikuja wamechelewa.

Sasa nyie wa nyumbani msiniambie hakuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na ina Baraza lake. Nesi asiye na usajili na leseni haruhusiwi kufanya kazi. Aprili 2017 serikali ya Magufuli iliwatoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi, na wengi wetu tukashangilia, huku na huko. Haya, tujiulize. Mtanzania mwenye cheti bandia anafukuzwa. Mgeni asiye na cheti chochote, hata hicho bandia, anavalishwa koti jeupe na kukaribishwa wodini. Hii ni akili gani? Wamarekani wenyewe wameliona. Mwaka 2011 chama cha vyuo vyao vya udaktari, AAMC, kilitoa mwongozo wa kuwaonya wanafunzi wasifanye ng'ambo kazi za tiba ambazo hawajafundishwa. Wao wanaonya, sisi tunafungua mlango.

Sisi wa Louisville tuna mfano wetu wa kufungia mjadala huu. Uwanja wa ndege wa hapa una jina la Muhammad Ali, mtoto wa mji huu. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Ali alikuwa kipenzi cha Afrika, watu walijaa kumwona. Lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Ali hakuwa mtu mbaya, alikuwa bingwa wa dunia. Ila kumtuma bondia kufanya kazi ya balozi ilikuwa kutudharau. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Nchi ilikuwa maskini, imetoka vitani juzi tu, lakini ilijua kusema: huyu tunampenda, ila kwa kazi hii hapana. Sisi lugha hiyo tumeipoteza wapi?

Najua majibu yatakayokuja, niyajibu kabisa.

Kwanza, mtasema bora huyo kuliko kukosa kabisa, zahanati haina watu. Ndugu zangu, Tanzania kuna manesi waliosoma, wana leseni, wako nyumbani wanauza vitenge wakisubiri ajira. Nauli ya ndege ya kijana mmoja kutoka Louisville hadi Kilimanjaro, pamoja na ada anayolipa kwa wakala, ni mshahara wa miezi kadhaa wa nesi mwenye stashahada. Kwa hiyo mtu yupo na hela ipo. Kinachokosekana ni kuvikutanisha.

Pili, mtasema wageni wanaleta pesa kijijini. Zinaletwa, ndiyo. Mwulizeni mama mdogo anabaki na shilingi ngapi baada ya wakala kuchukua chake na yeye kununua mkate na mayai. Na hata zingekuwa nyingi, mwili wa mzazi si kiingilio.

Tatu, mtasema si wote wako hivyo, wapo Peace Corps. Kweli kabisa, na hilo linanisaidia mimi. Kundi la kwanza la Peace Corps lililokuja Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, waliokuja kusaidia ujenzi wa barabara. Walikuja na ujuzi. Utaratibu wao ni kufundishwa lugha kwanza, kisha kukaa miaka miwili. Wapo waliosoma hesabu na fizikia kwa walimu hao na hadi leo wanawakumbuka. Lakini hata hao, Machi 2020 korona ilipoingia, waliondolewa dunia nzima kwa siku chache, na madarasa yakabaki. Mgeni mwema kuliko wote bado ana kwao, na siku ya shida ataitwa arudi.

Nne, mtasema nina wivu na wazungu. Basi nigeuze upande wetu, maana hapa ndipo panapouma. Watoto wetu tuliowazaa huku nao wameanza. Kila kiangazi tunawapeleka kijijini kwa bibi, tunamwomba mganga mfawidhi tunayefahamiana naye "mwache mtoto aone aone wodini", ili akirudi aandike insha ya kuombea chuo. Hapana. Jina la Kimaro au Mwakyusa si leseni. Kipimo ninachomwekea binti wa mfanyakazi mwenzangu ndicho hicho hicho nitakachomwekea mwanangu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema jembe, hawakusema sindano. Kijana akija, ajifunze Kiswahili, aende shambani, aoshe vyombo, afundishe kompyuta chini ya mwalimu wa shule, abebe matofali ikiwa fundi amemwambia abebe. Akitaka kusaidia zahanati, alete boksi za glovu na achangie mshahara wa nesi wa pale pale.

Kwa walioko nyumbani, ombi langu ni dogo. Mwenyekiti wa kijiji, mganga mfawidhi, baba ambaye mkeo yuko chumba cha kujifungulia, uliza: leseni yake iko wapi? Uliza kwa upole, kwa Kiswahili, na usione haya. Mimi huku nimeulizwa swali hilo kila nilipoomba kazi na sijawahi kuliona tusi. Na sisi wa huku, mwenzako kazini au kanisani akikwambia kwa furaha kwamba mwanawe anakwenda Afrika kuzalisha, usitabasamu tu. Mwambie ukweli hapo hapo, kabla tiketi haijakatwa.

Naomba kutoa hoja.