Hesabu isomwe mbele ya watu

Tangu mwaka 2025 uanze, vikundi vyetu vidogo vinagongewa mlango kuliko zamani. Sababu mnaijua. Januari Marekani ilisimamisha pesa zake za misaada ya nje, na Mei WFP ikatangaza kwamba watu milioni moja hapa Uganda wanatoka kwenye msaada wa chakula, wabaki 663,000 ambao hali yao ni mbaya zaidi. Hiyo ni katika nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.8. Kwa hiyo yule mama aliyekuwa anapanga mstari siku ya chakula, leo anakuja kwa vijana wenye daftari moja na muhuri mmoja, anauliza: na nyinyi mko na nini?

Kwa wenzetu wanaokaa mjini ni vigumu zaidi. Chakula na huduma nyingi zimepangwa kwa wanaokaa kambini. Ukiwa umepanga chumba Arua mjini ili watoto wasome, au unauza mboga Koboko, kwenye mipango mingi ni kama hauko. Kikundi cha jamii, kanisa, msikiti au watu wa kwenu ndio mlango wako wa kwanza, na mara nyingi ndio wa mwisho.

Sasa kama mlango ni huo, lazima tuuangalie vizuri. Sisi tunasema hivi: kikundi chochote kinachopokea mchango kwa jina la jamii, kisome hesabu yake mbele ya jamii hiyo, kwa lugha wanayosikia, kila mwezi. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nani kati ya volontia alipewa nauli. Kama kikundi hakiwezi hilo, kisiendelee kupokea.

Mtu atasema haya ni mambo ya wasomi. Hapana. Haya ni mambo ya mama zetu. Nenda ukae kwenye mkutano wa VSLA popote, Lobule, Imvepi au Rhino Camp, uone. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, CARE ikifanya kazi na wanawake wengi wasiojua kusoma, na sasa imeenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Pesa inahesabiwa katikati ya mduara, kila mtu anaona mikono. Halafu kabla ya kufunga, baki inatajwa kwa sauti na watu wanaambiwa waikariri. Wiki inayofuata, kabla ya kufuli kufunguliwa, wanaulizwa: tuliacha ngapi? Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anajibu, na anajibu sawasawa.

Fikiria hilo kidogo. Ukaguzi umewekwa ndani ya vichwa vya watu ishirini na tano. Panya hawezi kuula, mvua haiwezi kuuloanisha, na mwenyekiti hawezi kusema umepotea wakati wa kuhama nyumba.

Na ndani ya sanduku hilohilo kuna mfuko wa pili, mfuko wa jamii. Hauna riba, hauna hisa. Kila mwanachama anaweka kidogo, na mtu akifiwa au mtoto akilazwa, anapewa. Hiyo ndiyo asasi ya hisani ya kwanza tuliyo nayo, na hakuna aliyeileta na gari jeupe. Wanaosema wakimbizi wanajua kupokea tu, huwa tunawaambia waje siku ya mkutano.

Lakini angalia vikundi vyetu vya vijana, vyenye watu waliomaliza sekondari, wengine wana kompyuta. Mchango ukitoka Kampala au kwa ndugu zetu walioko Kanada na Australia, unaingia kwenye simu ya mtu mmoja. Mara nyingine laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la rafiki raia. Pesa inatolewa, vitu vinanunuliwa, picha zinapigwa, halafu ripoti inaandikwa kwa Kiingereza kizuri na kutumwa mbali. Mfadhili anajua kila kitu. Mwanakijiji ambaye jina lake limo ndani ya hiyo ripoti hajui hata kwamba imeandikwa.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Tunakijua kikundi kimoja, hatutataja jina wala kijiji, kilipata mchango wa vitabu na sabuni. Tunaamini vingi viligawiwa kweli. Lakini hakuna aliyesimama kusema vilikuja vingapi, basi kila mtu akajitungia namba yake. Mmoja alisema maboksi mia, mwingine mia mbili. Volontia wawili waliotembea kwa miguu kugawa wakaitwa wezi kisimani, mbele ya mama zao. Mmoja ameacha kabisa, amerudi kubeba matofali. Kama baki ingetajwa siku ile, wangekuwa na mashahidi kijiji kizima.

Tumeshaona pia, kwa kiwango kikubwa, orodha isiyoaminika inavyoumiza. Mwaka 2018 serikali kupitia OPM pamoja na UNHCR walilazimika kuhesabu wakimbizi upya nchi nzima, kwa alama za vidole na kwa macho, kwa sababu namba za zamani zilikuwa zimetiliwa shaka. Ilitajwa zaidi ya milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Mambo ya ofisini waliyazungumza ofisini. Sisi wa chini tulichokiona ni mistari: wazee juani, wajawazito juani, watoto hawakwenda shule, ili kila mmoja athibitishe kwamba yuko.

Wengine wanatupinga kwa hoja ambayo ni nzito, na hatutaki kuiruka. Wanasema: mkisoma orodha kwa sauti, mtamwaibisha anayepokea. Ni kweli. Kuna msaada unaokwenda kwa mtu kwa sababu anameza dawa za VVU, au msichana alifanyiwa ubaya njiani, au baba amepoteza akili kwa aliyoyaona. Ukitaja jina la mtu wa namna hiyo chini ya mti, umemmaliza. Kwa hiyo tutofautishe. Vitu na pesa visomwe vyote, hadi senti. Vigezo visomwe: tulisema mwezi huu ni wazee wanaoishi peke yao na nyumba zenye wagonjwa. Idadi isomwe: nyumba kumi na nne. Majina ya mambo ya siri yabaki kwa watu wawili au watatu waliochaguliwa na mkutano wenyewe, mmoja awe mwanamke, na mmoja awe wa kabila tofauti na mwenyekiti. (Hili la kabila watu hawapendi kuliandika. Tumeliandika.)

Mfano tu, msichukue kama bei. "Mwezi huu ziliingia shilingi 180,000 na miche arobaini ya sabuni. Miche ishirini na nane imekwenda kwa nyumba kumi na nne, mbilimbili. Kumi na mbili imebaki, iko kwa katibu. Shilingi 60,000 ilimsafirisha mgonjwa na mtu wa kumsindikiza hadi hospitali kubwa ya Arua na kuwarudisha. Shilingi 20,000 walipewa volontia wawili, nauli na vocha. Shilingi 100,000 imebaki." Hiyo ni dakika mbili. Irudie kwa Kikakwa, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kilugbara, ni dakika nane. Nani hana dakika nane?

Na picha. Mtu anapewa mche mmoja wa sabuni halafu anaambiwa aushike vizuri, atabasamu, ainue kidogo. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, ridhaa imo ndani. Lakini hata bila sheria, jiulize kama ungependa watoto wako waone hiyo picha baada ya miaka kumi. Mfadhili anayehitaji ushahidi apewe picha ya mkutano, ya daftari, ya mikono inayohesabu. Kama lazima awe na uso wa mama yule ndipo atume sabuni, huyo ananunua kitu kingine.

Tuje kwa volontia, maana tuko wengi humu. Kuna neno moja linatuchekesha. Wenzetu wa Tanzania wakisema posho wana maana ya pesa ya kikao. Huku kwetu posho ni unga wa mahindi na ule ugali wake. Volontia wetu mara nyingi hana hata moja kati ya hizo mbili.

Tunaambiwa kujitolea ni roho safi. Sawa, roho tunazo. Lakini mtu anayetembea kilomita nane kupeleka ujumbe, halafu anakabidhiwa ghala la sabuni huku nyumbani kwake wanafua kwa maji matupu, mnamjaribu bure. Mpeni kitu kidogo, kitajwe mbele ya watu kwamba ni kitu kidogo, na kwa nini. Aibu iko kwenye pesa iliyofichwa. Iliyotajwa ni nauli tu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo mashirika makubwa yanayotumia kijana wa kambini siku tano kwa wiki, miaka miwili, na kumwita volontia kwenye karatasi, nao tunaomba wasome hesabu hiyo kwa sauti na wasikie inavyosikika.

Kwa wanaotaka kutoa, tuna ombi fupi: ulizeni kwanza. Koti zito la baridi kwa jua la Koboko ni mzigo wa kuuza Ariwara. Kinachotafutwa huku ni pedi, sabuni, madaftari, pesa ya mtihani wa UNEB kwa mtoto aliyefika S4 na amekwama, na nauli ya mgonjwa aliyepewa rufaa. Msitume kwa simu ya mtu mmoja; ombeni namba ya kikundi na majina ya watu wawili wanaoidhinisha. Mkituma, ombeni jambo moja zaidi: mpigiwe simu siku ya kusomwa, msikie kwa masikio yenu. Na kama mko humuhumu kambini hamna pesa, nyasi za kuezekea nyumba ya bibi zinahesabika pia. Zisomwe. Mtu aliyeleta mafungu matatu ya nyasi atajwe kama aliyeleta dola.

Wenyeji wetu nao wawepo kwenye mduara. Mpango wa serikali unasema asilimia 30 ya msaada iwafikie wenyeji, lakini hata bila asilimia, ardhi tunayokaa ni ya watu, waliitoa wazee wa ukoo. (Kwenye karatasi siku hizi Imvepi ni wilaya ya Terego, na Rhino Camp ni Terego na Madi-Okollo, ila sisi bado tunasema Arua.) Wazee wengi wa hapa walishapita tunapopita. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka, wengi wakarudi katikati ya miaka ya 1980. Wanajua kupanga mstari ni nini. Mzee wa namna hiyo akikaa mbele wakati hesabu inasomwa, hakuna kijana atakayeruka mstari wa daftari.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, mwaka 2016 wakubwa wenu walikubaliana kule Istanbul kwamba robo ya pesa za dharura iende kwa mashirika ya wenyeji na ya kitaifa, ikifika 2020. Tunaona mnavyotujibu tukiuliza: mna uwezo? mna mfumo? mna akaunti? Maswali ni halali. Lakini kikundi kilichosoma hesabu mbele ya watu miezi kumi na miwili, na watu bado wanakuja mkutanoni, kina mfumo. Njooni mkae nyuma, msiseme kitu, msikilize. Na mkileta vitu kwa kijiji kupitia kwetu, tuachieni karatasi ya idadi siku hiyohiyo, tuisome, isije kusemwa baadaye kwamba gari lilikuwa limejaa.

Sisi tunasoma Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, watu wakishatoka kisimani. Mara ya mwisho mzee mmoja aliuliza kwa nini sabuni ilinunuliwa mjini na si kwenye maduka ya hapahapa kambini. Katibu akamjibu bei. Mzee akasema, na boda mliyobebea, hiyo haina bei? Wakabishana karibu saa nzima, nusu ya watu upande huu, nusu upande ule. Jumamosi hii wanaendelea.