Confucius Hakuijenga Seoul

Hukosi kumsikia mheshimiwa jukwaani: "Miaka ya 60 tulikuwa sawa na Korea Kusini. Wametupita kwa nidhamu na maadili." Makofi. Wachina, Wajapani na Wakorea wanatiwa kapu moja, wote wanafunzi wa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na mjadala umekwisha.

Ni uvivu wa kufikiri. Chukua familia, inayodaiwa kuwa kiini cha maadili hayo. Osamu Suzuki, aliyeiongoza kwa zaidi ya miaka 40 kampuni inayounda kirikuu zetu, hakuzaliwa Suzuki. Alizaliwa Matsuda. Mwaka 1958 alioa mjukuu wa mwasisi, akaasiliwa ukweni, akachukua jina lao. Japani si ajabu mkwe hodari kurithi nyumba, jina na biashara. Kwa Wakorea wa zamani ingekuwa kufuru: aliyekosa mtoto wa kiume alichukua mtoto wa ukoo wa baba yake, basi. Tena huko watu wa jina moja na chimbuko moja walikatazwa kuoana, hata kama babu yao wa pamoja alizikwa karne nyingi nyuma, mpaka Mahakama ya Katiba ilipotamka mwaka 1997 kwamba katazo hilo linakiuka Katiba. Japani binamu wanafunga ndoa kihalali. Na sheria yake inawataka mume na mke wawe na jina moja, ilhali China na Korea mke hubaki na lake. Haya ndiyo maadili yaleyale?

Wasomi nao wamechangia. Mwaka 1915 mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alidai kuwa mafundisho ya Confucius ndiyo yaliyoizuia China kuzaa ubepari. Uchumi wa Asia ulipopaa, mafundisho hayohayo yakageuka siri ya mafanikio! Na Korea Kaskazini je? Mababu ni walewale, na Confucius ni yuleyule.

Kinachorukwa katika simulizi hizi za maadili ni ardhi. Mwaka 1950 Korea Kusini iliwauzia wakulima mashamba ya mabwanyenye kwa bei nafuu, kikomo kikiwa takriban hekta 3 kwa kaya. Misaada minono ya Marekani ikafuata.

Basi mheshimiwa akirudi na wimbo wake wa nidhamu, mpigieni makofi kama mnataka, kisha mumuulize: yeye ana hekta ngapi, na zinazozidi 3 atamwachia nani?