Mzigo Ukiwa Angani

Majumba ya ghorofa yanaongezeka katika miji yetu, na kila jengo lina vyombo vizito visivyoweza kupandishwa kwa ngazi: viyoyozi vikubwa, matangi ya maji, mitambo ya lifti. Vyote hupandishwa kwa winchi, mara nyingi juu ya njia wanayopita mama zetu na watoto wetu.

Wengi hudhani kuwa winchi iliyoandikwa tani 50 huinua tani 50 popote. Sivyo. Uzito huo huinuliwa pale tu mzigo unapokuwa karibu na mashine. Kadiri mkono unavyofika mbali, ndivyo uwezo unavyopungua, hata ikabaki sehemu ndogo tu. Kwa sababu hiyo kila winchi ina jedwali lake la mizigo, na asiyelifuata anabahatisha kwa roho za watu. Ardhi nayo ina hukumu yake: mguu wa winchi ukikanyaga udongo laini au mfuniko wa karo, mashine huinama. Na upepo wa juu ni mkali kuliko wa chini. Mzigo mpana huupokea kama tanga.

Tusiisahau Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015, winchi kubwa ilipoangukia Masjid al-Haram, Makka, katika upepo mkali, wakafa zaidi ya watu 100, Mwenyezi Mungu awarehemu. Uchunguzi wa Saudi Arabia ulieleza kuwa mkono wake uliachwa umeinuliwa ilhali haitumiki, kinyume cha maelekezo ya watengenezaji. Kadari haimwondolei mtu wajibu. Tawakuli huja baada ya ngamia kufungwa.

Kwa wenye majumba, neno letu ni hili: fungeni njia kabla mzigo haujaondoka chini, na upepo ukizidi, ahirisheni. Gharama ya siku moja ni nyepesi kuliko diya. Kumbukeni pia kuwa tangi hupanda likiwa tupu, lakini lita 1,000 za maji ni tani moja. Paa liulizwe kwanza kama litastahimili.

Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kuwa kamba iliyozungushiwa eneo la kazi si ya kurukwa, na kwamba chini ya mzigo unaoning'inia hapapitwi, hata kwa haraka ya kuwahi madrasa.