Kabla ya kutuma pesa ya ukuta, uliza udongo

Sisi tunaoishi Ghuba tunajenga kwa simu. Pesa inatoka Maskati, Dubai au Doha, inafika Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, na baada ya siku chache picha zinaanza kuingia kwenye WhatsApp: ukuta umefika dirishani, linta imemwagwa, bati limepanda. Nyumba nzima inatazama, mama anaomba dua, watoto wanagombania vyumba. Picha ambayo mara chache sana nimeiona kwenye simu ya mtu ni ya shimo la msingi likiwa tupu, zege halijamwagwa, fundi kasimama ndani na futi mkononi. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha yenye thamani kuliko zote, na bila hiyo mtu asitume hata riyali moja ya matofali.

Nasema hivi kwa sababu kazi yangu kwa miaka mingi hapa Oman imekuwa kukagua saiti. Mkaguzi akifika saiti mpya haanzi na ukuta. Anaanza na makaratasi mawili: ripoti ya udongo na ramani ya miinuko, ile inayoonyesha ardhi ilivyo sasa na itakavyokuwa baada ya kukatwa na kujazwa. La kwanza linamwambia nyumba itasimama juu ya kitu gani. La pili linamwambia maji ya mvua yatakwenda wapi. Mengine yote, nondo, saruji, vigae, yanakuja baadaye. Ajabu ni kwamba watu wale wale ambao huku hawawezi kupewa kibali cha kujenga bila makaratasi, wakijenga kwao wanamwachia fundi aamue kwa macho.

Na si kwamba sisi watu wa pwani hatujui udongo. Wazee wetu Unguja na Pemba walikuwa na majina yao kamili: mchanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Kila mkulima alijua kinamo kinashika maji na kinafaa mpunga, kinongo ni chekundu na kinazaa, uwanda una udongo mchache juu ya jiwe la matumbawe. Huo ni uainishaji, tena mzuri. Ila swali lao lilikuwa udongo huu utaotesha nini. Swali la mjenzi ni jingine: udongo huu utabeba nini, na ukinywa maji utafanya nini?

Wahandisi wengi duniani wanatumia mfumo wa herufi ulioanzishwa na Arthur Casagrande mwaka 1942, wakati Wamarekani walipokuwa wanajenga viwanja vya ndege vya vita. Ukiletewa ripoti usiogope zile herufi. G ni changarawe, S ni mchanga, M ni chembe laini kama unga zisizonata, C ni mfinyanzi, O ni udongo wenye mabaki ya mimea yaliyooza. Udongo unapitishwa kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 0.075, ikipita nusu yake au zaidi, unahesabiwa ni udongo laini. Herufi ya pili inaongeza sifa. Kwenye changarawe na mchanga, W maana yake chembe zimechanganyika kubwa na ndogo na zinashikana vizuri, P maana yake hazikuchanganyika vizuri. Kwenye udongo laini, L ni ule unaogeuka uji kwa maji kidogo, H ni ule unaomeza maji mengi kwanza, mpaka wake ni 50 kwa kipimo cha maabara. Kwa hiyo ukiona GW, shukuru Mungu. Ukiona CH, simamisha kila kitu umpigie mhandisi.

CH ndio mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi uko katika ukoo huo, na kule Kibaha, mkoa wa Pwani, nyumba zilizopasuka kwa ajili ya udongo wa kuvimba zimechunguzwa na wahandisi. Nyumba ya ghorofa nne ina uzito wa kuukandamiza. Kijumba cha chini kama vyetu ni chepesi, kinanyanyuliwa. Ndiyo maana unaona ufa unaanza pembeni ya dirisha na kushuka kwa ngazi-ngazi kufuata viungo vya matofali, unazibwa kwa plasta, na masika ijayo umerudi pale pale. Fundi anasema ni saruji mbovu. Si saruji, bwana. Ukuta unafuata ardhi.

Ami yangu mmoja, aliyefanya kazi huku Oman miaka ishirini na kitu, alijenga nje kidogo ya mji Unguja. Kiwanja alichouziwa kilikuwa kimejazwa kifusi, na yule dalali hakumwambia, wala fundi hakuuliza. Chini ya kifusi kulikuwa na bonde la mpunga. Yaani kinamo kitupu, na juu yake takataka za ujenzi zilizomwagwa na lori na kusawazishwa kwa chepe. Nusu ya nyumba ilikaa kwenye ardhi asilia, nusu kwenye kifusi. Nusu ile ya kifusi ikazama. Jamvi limeachana na ukuta kiasi unaingiza vidole. Nilipokwenda kuiona nilichukua chupa ya maji, nikatia udongo wa pale theluthi moja, nikajaza maji, nikatikisa. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili. Chembe laini zinachukua saa. Mfinyanzi unabaki kwenye maji siku nzima na zaidi. Kesho yake maji ya chupa ile yalikuwa bado kama chai ya maziwa. Kipimo hicho hakigharimu kitu, kingeweza kufanywa na mtoto wa skuli siku ya kununua kiwanja.

Kipo na kingine. Lowesha udongo, uviringishe kwenye kiganja mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3. Ukikatika-katika kabla haujafika hapo, mfinyanzi ni mchache. Ukikubali kuwa uzi mrefu, ukaukunja na kuuviringisha tena na bado unakubali, una mfinyanzi mwingi. Vipimo hivi havichukui nafasi ya maabara, lakini vinakwambia kama una haja ya kuwa na wasiwasi.

Jiwe la matumbawe nalo lisikudanganye. Watu wanasema kiwanja cha maweni hakina tabu, umeshafika kwenye mwamba. Mara nyingi ni kweli. Lakini jiwe hilo ni chokaa, maji yanalila kwa miaka mingi, na ndani yake mna mashimo na mapango. Msingi unaweza kukaa juu ya paa la pango bila mtu kujua. Kabla ya zege, agiza chini ya kila nguzo patobolewe au angalau pagongwe kwa mtaimbo na sauti isikilizwe.

Sasa maji. Hapa ndipo penye ugomvi, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea zaidi kuliko kwenye udongo.

Ramani ya miinuko ina mistari ya kontua, kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, pametulia. Ikijikunja kama herufi V na ncha ikielekea juu mlimani, hilo ni bonde, na maji yatapita hapo utake usitake. Kwa kawaida mistari ya vipande-vipande ni ardhi ilivyo sasa, mistari kamili ni itakavyokuwa. Halafu kuna nambari ya kimo cha sakafu ya nyumba, na zote zinapimwa kutoka alama moja isiyohama. Kanuni tunayoitumia ni nyepesi: kuzunguka nyumba, ardhi ishuke angalau sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Fundi yeyote mwenye mpira wa maji na vijiti viwili anaweza kuipima. Na kama pamejazwa, kifusi kiingie kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu wa kiasi, mpaka lifike asilimia 95 ya kipimo cha maabara. Kumwaga mita nzima mara moja na kupitisha mashine juu yake ni mchezo, chini panabaki pumba.

Huku Oman somo hili tumelipata kwa gharama kubwa. Gonu ya Juni 2007 ilipita Maskati, na waliojenga kwenye njia ya wadi waliona wadi ikirudi kuchukua njia yake. Shaheen ya Oktoba 2021 ikaja ikafanya hivyo hivyo Batinah. Wadi inaweza kukauka miaka kumi mtu akasahau kuwa ni wadi. Na bonde la Jangwani Dar es Salaam, na mabwawa ya Mwanakwerekwe, hayo hayasubiri hata miaka kumi, kila masika nzito yanajikumbusha yenyewe.

Tunachofanya nyumbani ni mashindano ya kunyanyua. Mimi naweka kifusi nusu mita, maji yanahamia kwa jirani. Jirani ananyanyua mita moja, yananirudia. Mjane wa nyumba ya tatu, asiye na mtoto Ghuba wa kumtumia pesa, analala na maji chini ya kitanda. Tunaita kiwanja kizuri, na kweli kimekaa vizuri, kwa sababu tumepeleka tope letu kwake. Ramani ya miinuko ingelazimisha swali moja la wazi: maji yakitoka kwangu yanaingia wapi, kwenye mtaro au kwenye uwa wa mtu? Na barabara nayo ihesabiwe. Barabara ya vumbi ikija kutiwa lami inapanda, na nyumba iliyokuwa sawa nayo inajikuta shimoni.

Najua majibu ninayopewa. Kwanza, kupima ni gharama. Kwa nyumba nilizozisimamia, uchimbaji wa mashimo mawili matatu, maabara na mpimaji wa miinuko, vyote pamoja havikufika bei ya milango na madirisha. Pili, majirani wamejenga bila kupima na nyumba zimesimama. Huenda, lakini udongo unaweza kubadilika ndani ya kiwanja kimoja, kama kwa ami. La tatu ndilo gumu: msimamizi ni ndugu, nikimuuliza maswali ataona simwamini. Hapo mimi naona tunamwonea yule ndugu. Tunampa kazi asiyoisomea, hatumpi karatasi ya kusimamia, halafu nyumba ikipasuka tunamwita mwizi na udugu unakufa. Mpe karatasi. Mwambie shimo lisifunikwe mpaka mhandisi aje, alione, atie saini. Hapo akibishana na fundi anasema ni sharti la mwenye nyumba, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Jambo moja la mwisho, kwa wanaotafuta viwanja mwaka huu. Wengi wetu tunakwenda nyumbani likizo ya Juni mpaka Agosti, joto la huku likizidi. Masika imekwisha, kipupwe kimeingia, ardhi imekauka, majani mabichi, kila kiwanja kinapendeza, na madalali wanajua hivyo. Lipa baada ya masika kama ni lazima, lakini uamuzi ufanye Aprili. Mtume mtu siku ya pili baada ya mvua kubwa, saa za mchana, asimame katikati ya kiwanja na simu, azungushe video taratibu, aonyeshe maji yalipotuama na alama ya tope kwenye kuta za majirani imefika kimo gani. Achimbe shimo la mita moja na nusu, aone kama linajaa maji lenyewe. Na akuletee udongo wa chini kabisa kwenye mfuko, pamoja na ile zawadi ya karafuu.